Jirani Hahitaji Tarishi

Kuna mazoea yaliyoingia katika vyama vya sayansi vya shule zetu ambayo nataka kuyapiga vita katika kurasa hizi. Mazoea yenyewe ni kuamini kuwa chombo kisicho na waya hakiwezi kusema na mwenzake ila kwa msaada wa intaneti. Mwanafunzi hutengeneza chombo cha kupima maji katika tangi la shule. Chombo cha pili hukiweka kando ya pampu, mwendo wa hatua themanini tu kutoka hapo. Tangi likijaa, habari hutoka katika chombo cha kwanza, huingia katika ruta ya ofisi ya mwalimu mkuu, hushika njia ya nyaya mpaka pwani, huzama chini ya bahari, hufika katika seva iliyoko katika nchi ambayo mwanafunzi hajapata kuiona, kisha hurudi safari ile ile kuja kumwambia jirani wa hatua themanini: zima pampu. Waamuzi wa maonyesho hupiga makofi. Bando likiisha, maji hufurika, na chombo hutiwa kabatini pamoja na vikombe vya ushindi.

Je, msomaji, ungemsifu mtu ambaye kila atakapo chumvi kwa jirani yake huandika barua kwenda Ulaya?

Vibao ninavyovisema ni vile vidogo vyenye mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyokusanywa katika kipande kimoja kidogo ili ifanye kazi chache na kuzifanya daima. Vilivyoenea sana madukani ni vya ESP8266, iliyotoka mwaka 2014, na ESP32, iliyotoka mwaka 2016, zote mbili kazi ya kampuni ya Espressif ya mjini Shanghai. Bei ya kibao kimoja haipiti sana bei ya vitabu viwili vya kiada. Ndani ya kila kimoja mna redio kamili, iwezayo kutuma na kupokea kwa mawimbi ya gigahezi 2.4. Watu hununua redio hiyo kwa fedha zao, kisha huitumia kwa jambo moja tu: kubisha hodi kwa ruta. Ni mfano wa mtu aliyejaliwa ulimi akautumia kuombea mkalimani.

Walioviunda vibao hivi hawakukusudia hayo tu. Waliweka njia iitwayo ESP-NOW, ambayo kwayo kibao husema na kibao bila ruta, bila akaunti na bila bando. Kila kibao kina anwani ya MAC, namba ya baiti 6 kiliyopewa kiwandani. Kibao kitakachotuma huandikiwa anwani ya mwenzake, vyote viwili huwekwa katika mkondo mmoja wa redio, na ujumbe huenda. (Ukiona kimya, tazama mkondo kabla ya kulaumu kibao, sababu ya kimya mara nyingi ni hiyo.) Ujumbe mmoja, katika toleo la kwanza la njia hii, hubeba baiti 250. Kiswahili chaandikwa kwa herufi za kawaida, kila herufi baiti moja. Basi hizo ni herufi 250, na ujumbe mfupi wa simu ni herufi 160. Tangi lahitaji neno moja. Tena, kwa kuwa hapana haja ya kuunganishwa kwanza, kibao cha betri chaweza kuamka, kusema neno lake, na kulala tena kabla mwenzake wa ruta hajamaliza kubisha hodi.

Wala jambo hili si geni. Redio ilizaliwa bila tarishi. Heinrich Hertz alipofanya majaribio yake mjini Karlsruhe mwaka 1887, cheche katika chombo kimoja ilizaa cheche katika pete ya waya iliyokuwa mbali kidogo nayo, na kati ya hizo mbili hapakuwa na kitu ila hewa ya chumba. Sisi tulio na vyombo bora mara elfu kuliko vyake ndio tunaowafundisha watoto kuwa hewa ya chumba haitoshi.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwanza kuwa intaneti ndiyo dunia ya leo, na kuwa mwalimu anayefundisha njia za karibu anawarudisha watoto nyuma. Jibu langu ni tarehe. Siku ya 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Kenya, Tanzania na nchi nyingine za upande wetu. Pampu iliyoitegemea seva ya ng'ambo siku hiyo ilitegemea bahari. Nayo si bahari tu ikatikayo. Kampuni ya Google ilikuwa na huduma kubwa ya kuunganisha vyombo vya namna hii, ikiitwa IoT Core; tarehe 16 Agosti 2023 iliifunga. Haikufanya kosa, mwenye nyumba ana haki ya kufunga nyumba yake. Lakini wapangaji wote walilazimika kufungasha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hawa wetu twawapa fimbo ambayo hata mshikio wake uko mkononi mwa mtu mwingine.

Sisemi kuwa intaneti ni adui. Mkulima akiwa Nairobi na ng'ombe wake wakiwa Kitale, hapana mawimbi ya kibao kidogo yatakayowafikisha. Hapo weka kibao kimoja langoni, kiunganishe na ulimwengu, na vile vingine vyote vya zizini viseme na hicho kimoja. Hivyo lango likifungwa, mambo ya zizini huendelea. Ninachokikataa ni kulifanya lango kuwa nyumba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wenye kuileta si wajinga. Husema: njia ya moja kwa moja haina uhakika, nani atajua kama ujumbe umefika? Husema hivyo kana kwamba ni kasoro ya kuikimbia. Mimi naiona kuwa ndiyo sababu kubwa ya kuifundisha, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Kibao kikituma kwa anwani ya mwenzake, ESP-NOW hukiletea habari: umefika, au haukufika. Mwanafunzi hufurahi na kuiamini. Lakini habari hiyo yatoka katika redio ya mpokeaji, haitoki katika programu yake. Redio yaweza kupokea na programu isitende lolote, kama mtu aliyeitikia naam usingizini. Basi mwanafunzi hana budi kuandika jibu la kweli: kibao cha pampu, kikisha kuzima, kirudishe neno kuwa pampu imezimwa. Je, neno hilo lisiporudi? Kibao cha tangi kirudie mara tatu, kisha kipige kengele. Na je, kibao cha tangi kikifa betri, kisiseme kitu kabisa? Hapo ndipo swali kubwa linapozaliwa: kimya kina maana gani? Kwa kibao cha pampu, kimya chaweza kuwa na maana kuwa tangi bado halijajaa, au kuwa msemaji amekufa. Mwanafunzi mwenye akili ataamua kuwa tangi liseme kila dakika, hata kama halina jipya, na pampu isiposikia neno kwa dakika tano ijizime yenyewe. Mtoto aliyefika hapo amekwisha kuwa mhandisi, ingawa hana cheti. Yule wa seva ya ng'ambo hakuulizwa swali hilo hata siku moja, kwa sababu wengine walilijibu kwa niaba yake, na jibu lao wakalificha ndani ya programu asiyoifungua.

Kuna na somo la kugongana. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha kompyuta za visiwa vyao kwa redio, katika mtandao walioupa jina ALOHAnet. Vituo vingi vilitumia mkondo mmoja kuelekea kompyuta kuu, kila kimoja kikisema kitakapo. Viwili vikisema pamoja, maneno yaligongana na kuharibika. Basi kila kimoja kilingoja muda wa kubahatisha, kisha kikarudia. Hesabu ilionyesha kuwa kwa njia hiyo mkondo hauwezi kubeba zaidi ya sehemu 18 hivi katika 100 za uwezo wake. Kasoro hiyo ilizaa fikra za mitandao iliyofuata, ambayo hufundisha vyombo kusikiliza kabla ya kusema. Somo hili lote laweza kuonekana mezani. Chukua vibao kumi, viamuru vitangazie wote badala ya kumtumia mmoja, maana tangazo la wote halijibiwi wala halirudiwi, kisha hesabu ni matangazo mangapi yaliyopotea. Ongeza kwa kila kibao muda wa kungoja wa kubahatisha, uhesabu tena. Ni darasa gani lenye ruta litakalokuonyesha hayo?

Wapo watakaouliza usalama, na hawa wana haki. Hewa ni ya watu wote. Mwenye kibao kama chako aweza kusikia usemalo, na hata anwani ya MAC huweza kughushiwa. Kwa hiyo ESP-NOW huruhusu kufumba ujumbe kwa ufunguo wa siri wa baiti 16 unaojulikana na vibao viwili tu. Tangazo la wote ndilo lisilofumbika. Usifungue mlango wa ghala kwa ujumbe usiofumbwa. Lakini asikuambie mtu kuwa siri iko salama zaidi kwa kupitia mikono ishirini usiyoijua.

Wa mwisho ni wale wanaocheka na kusema kuwa huu ni mchezo wa watoto. Naam, ni mchezo. Uingereza mwaka 2016 iligawa vibao vya micro:bit kwa wanafunzi wake wa miaka 11 na 12, vipatavyo milioni moja, na ndani ya kila kimoja mlikuwamo redio ya kusemea na kibao cha mwenzake darasani: wachagua namba ya kundi kutoka 0 hadi 255, na wote walio katika namba hiyo husikizana. Hawakuona haya kuwafundisha watoto wao mchezo huo. Sisi, ambao umeme wetu hukatika na bando letu huisha, ndio tuoneao haya kitu kisichohitaji bando.

Nawaomba walimu wenzangu jambo moja dogo katika maonyesho yajayo. Mwanafunzi akisimama mbele ya chombo chake na kukieleza, mwamuzi anyoshe mkono, aizime ruta, kisha aendelee kumsikiliza.

Nawe msomaji, usingoje maonyesho. Tafuta vibao viwili, mkabidhi mwenzako kimoja asimame nacho katikati ya uwanja wa mpira, nawe shika cha pili, kitume neno moja kila sekunde, urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka maneno yaanze kupotea. Mahali peupe huenda ukapita mita 100. Ukuta wa mawe na bati utakuzuia mapema zaidi. Andika daftarini idadi ya hatua zako. Halafu mwambie mwenzako akupe mgongo, kibao akiwa amekishika kifuani, ili maji yaliyomo mwilini mwake yawe kati ya redio hizo mbili, nawe uhesabu tena.