"Mkojo Mchafu" Si Jina la Ugonjwa

Sisi wa Sigalame, kama wengi wa mpakani Busia, hutibiwa leo Kenya, kesho Uganda. Kumbukumbu yetu ni daftari la shule aliloandika tabibu. Katika daftari la shangazi yangu, zahanati moja iliandika mara tatu: "mkojo mchafu". Mara tatu akapewa dawa za kuua bakteria, naye akadhani anashutumiwa kwa uchafu. Tulipovuka mpaka, daktari aliuliza: umechafuliwa na nini? Damu? Protini? Sukari? Daftari likawa bubu. Vipimo vikaanza upya.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, najua kuwa neno lenye maana nne halina hata moja. Katika Orodha ya 10 ya Magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoidhinishwa mwaka 1990, damu katika mkojo ni R31, protini R80, sukari R81. Herufi R yaonya kwamba hizo ni dalili tu. Orodha ya 11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ilibadili alama, si kanuni.

Tofauti hizo si za makaratasi. Protini yaweza kuashiria figo zinazoharibika. Kwa mja mzito, ikiandamana na shinikizo la damu, yaweza kutangulia kifafa cha mimba.

Basi matabibu wetu, andikeni kilichoonekana, kiasi chake na tarehe. Ugonjwa usipojulikana, andikeni kwamba haujajulikana. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nalo neno lisilo wazi huyaficha.