Lugha ya Mama Haiachwi Kituo cha Matatu

Ni wachache mno miongoni mwa walimu na wanafunzi wetu waliopata kulisikia jina la Amarjit Chandan. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwani mshairi huyo alizaliwa papa hapa Nairobi, mwaka 1946. Babaye, Gopal Singh Chandan, alikuwa mpiga picha na mshiriki wa Makhan Singh katika harakati za vyama vya wafanyakazi. Mtoto alipelekwa Punjab angali mdogo, akasomea huko, akajiunga na siasa za mrengo wa kushoto na kutiwa gerezani, ambako alitengwa peke yake katika seli. Mwaka 1980 alihamia Uingereza. Alipofika London, penye wachapishaji na wasomaji wa Kiingereza tele, aliendelea kutunga kwa Kipunjabi. Mashairi ndiyo yaliyotafsiriwa. Mshairi hakujitafsiri nafsi yake. Mwandishi mashuhuri John Berger aliuandikia dibaji mkusanyo wake wa mwaka 2010. Aidha, katika mji wa Slough, shairi lake fupi limechongwa juu ya jiwe kwa Kipunjabi na kwa Kiingereza, likawa mbele ya macho ya kila mpita njia.

Yamkini msomaji wa Thika au Ruiru atauliza: Kipunjabi kinatuhusu nini sisi? Kinatuhusu sana. Reli iliyotoka Mombasa ilijengwa kwa jasho la vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa Wapunjabi, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Tawi la reli hiyo lilifika Thika mwaka 1913. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 nchini. Basi Kipunjabi nacho ni miongoni mwa lugha za Wakenya, ingawa twakifahamu kwa neno moja tu, "Kalasinga", tena neno lenyewe lasemekana kuwa jina la mfanyabiashara mmoja, Kala Singh, tulilowabandika watu wote wa dini yake.

Kwa mwanaisimu, lugha hiyo ina mambo ya kustaajabisha. Jamaa zake nyingi za Bara Hindi hazina toni, lakini Kipunjabi kinayo. Silabi zile zile, kora, huweza kumaanisha mjeledi, farasi au mkoma, kwa kutegemea sauti imepandishwa, imeshushwa au imeachwa sawa. Mwanafunzi wa Thika anayezungumza Kikuyu hana haja ya kufafanuliwa jambo hilo, kwa sababu lugha ya nyanyake hufanya vivyo hivyo. Ni sisi watumiaji wa Kiswahili tunaopaswa kutega sikio.

Lakini si toni iliyonifanya niishike kalamu. Katika nchi hii zingali zipo shule ambamo mtoto akinaswa akisema lugha ya kwao huvishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 akiwa Marekani, aliieleza adhabu hiyo kama alivyoijua utotoni mwake chini ya wakoloni. Mkoloni ameondoka tangu mwaka 1963, na kibao tumekirithi. Mtoto hufunzwa mambo mawili kwa mpigo: kwamba maneno ya mamaye ni uchafu, na kwamba kumchongea rafiki ni njia ya kujiokoa. Somo la pili hatuliandiki katika mtaala, lakini hufuzu vizuri sana.

Watetezi wa adhabu hiyo husema kwamba lugha za mama huzaa ukabila. Hoja hii haifai kupuuzwa, hasa na sisi tulioishi mwaka 2007 na mwanzo wa 2008. Hata hivyo, tuitazame Punjab yenyewe. Mwaka 1947 nchi hiyo ilikatwa vipande viwili, na watu waliokuwa wakizungumza lugha moja wakachinjana kwa malaki. Waliouana walielewana kila neno. Rwanda nako, mwaka 1994, muuaji na aliyeuawa walikuwa na Kinyarwanda kimoja. Kama lugha moja haikuwazuia watu hao, kwa mantiki gani basi wingi wa lugha ndio ushtakiwe? Mgawanyiko huo umekiachia Kipunjabi jeraha lake: upande wa India huandikwa kwa hati ya Gurmukhi, na upande wa Pakistan kwa hati iliyotokana na ya Kiarabu. Mpunjabi wa Lahore na yule wa Amritsar wakikutana wataongea. Wakiandikiana barua, mmoja huenda akashindwa kuisoma ya mwenzake. Isitoshe, nchini Pakistan, ambako hakuna lugha ya kwanza yenye wasemaji wengi kuizidi, elimu imeachiwa zaidi Kiurdu na Kiingereza. Wingi wa wasemaji peke yake hauilindi lugha. Jambo hilo linawapasa kulitafakari Wakikuyu wanaodhani kwamba kwa sababu wao ni mamilioni, lugha yao haina la kuogopa.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inaitaka dola kuendeleza lugha za kiasili. Sera ya elimu nayo, tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, husema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mijini, penye mchanganyiko, kwa Kiswahili. Maneno hayo ni mazuri. Lakini simama asubuhi moja nje ya lango la shule yoyote ya Ruiru. Katika jengo moja la vyumba vya kupangisha wanaishi Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya na Wakisii. Mtoto aliyezaliwa humo amejifunza kuongea ngazini pamoja na wenzake, nao wameongea Kiswahili au Sheng. Wataalamu hutofautisha lugha ya mama na lugha ya kwanza, na huko Ruiru tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Kwa watoto wengi, Kiswahili ndicho lugha ya kwanza, hata kama mama anaongea na dadaye kwa simu kwa Kikamba. Mimi, ninayekula kwa jasho la Kiswahili, sioni haya kulisema hili: Kiswahili kisitumiwe kuwa kisingizio cha kuizima simu ile ya Kikamba.

Mwalimu hawezi kufundisha lugha kumi katika darasa moja, na simwombi hilo. Namwomba kwanza akivunje kibao, ikiwa kingalipo. Kisha ampe mtoto kazi ya nyumbani: amwombe mzazi au nyanya kitendawili kimoja, akilete darasani katika lugha yake, akifasiri kwa Kiswahili. Wenzake watacheka, naam, lakini watacheka wakijifunza. Darasa la watoto arobaini litakuwa na vitendawili arobaini ambavyo hakuna kitabu cha kiada kilicho navyo.

Tusisahau pia kwamba safari fupi tu kutoka Ruiru lipo gereza la Kamiti. Humo, mwaka 1978, Ngũgĩ aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za msalani. Kabla yake, Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, sehemu ya kifungo hicho humo humo Kamiti, akatunga kwa Kiswahili cha Mvita mashairi ya Sauti ya Dhiki. Wote wawili waliishia kuishi ng'ambo, kama Chandan. Wawili hao tunawasoma. Huyu wa tatu, mzaliwa wa Nairobi, hatumsomi, kwa kuwa hatuna tafsiri yake madarasani.

Wanafunzi wa isimu na fasihi walioko vyuoni kando ya barabara ya Thika wanaweza kulianza jambo hilo. Wamtafute mzee au bibi mmoja wa Kipunjabi anayeisoma Gurmukhi, wakae naye Jumamosi alasiri, wachukue shairi moja fupi, na kulileta katika Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza.