Mzee si Maktaba: Sauti za Waojibwe ni Mali ya Nani?

Mwaka 1960, mbele ya UNESCO, mwanazuoni wa Mali Amadou Hampâté Bâ aliutetea urithi wa masimulizi ya Afrika kwa kukilinganisha kifo cha mzee na maktaba inayoteketea kwa moto. Usemi huo umeenea mno. Tunaukuta katika hotuba za viongozi, katika maandiko ya kuombea fedha za miradi na katika utangulizi wa tasnifu za wanafunzi wetu, mara nyingi bila mwenyewe kutajwa. Yeye alikuwa na sababu ya kuusema, kwani wengi wa zama zake hawakuamini kwamba asiyejua kuandika anaweza kuwa na elimu. Sisi tuliourithi ndio tuliouelewa vibaya. Tumedhani kwamba, ikiwa mzee ni maktaba, wajibu wetu ni kuwahi na kinasa sauti kabla moto haujawaka, tukanakili vilivyomo, tukaondoka.

Katika makala haya ninajenga hoja kwamba kuwarekodi wazee ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito imo katika maswali mawili: rekodi itakaa mikononi mwa nani, na ni mtoto gani atakayeielewa? Mfano wangu ni Waojibwe wa Amerika Kaskazini, ambao wamekabiliana na maswali haya kwa zaidi ya karne moja.

Waojibwe, ambao hujiita pia Anishinaabe, ni watu wa Maziwa Makuu. Sizungumzii Victoria na Tanganyika, bali maziwa yale yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada. Lugha yao haikudhoofika kwa kuwa wasemaji waliichoka. Tangu shule ya bweni ya Carlisle ilipofunguliwa huko Pennsylvania mwaka 1879, serikali ya Marekani ilijenga mfumo wa kuwatenga watoto wa wenyeji wa asili na wazazi wao ili wasahau lugha na mila. Kanada nayo ilikuwa na mfumo wa aina hiyo, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo, iliyotoa taarifa yake mwaka 2015, ilieleza kuwa watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo. Aliyesikika akisema lugha ya mama yake aliadhibiwa. Aliyemsoma Ngũgĩ wa Thiong'o hahitaji ufafanuzi mrefu, kwa maana kibao alichovishwa shingoni mwanafunzi wa Kenya aliyenaswa akisema Kikikuyu kilitokana na fikra ileile. Wazazi wengi waliotoka katika shule hizo hawakuwarithisha watoto wao lugha, wakitaka kuwaepusha na mateso waliyoyapata wao. Ndiyo maana leo, katika jamii nyingi za Minnesota na Wisconsin, walioinyonya lugha hii pamoja na maziwa ya mama ni wazee.

Sasa tutazame kinasa sauti. Mwaka 1907 Frances Densmore, mtafiti wa muziki, alianza kurekodi nyimbo za Waojibwe huko White Earth, Minnesota, kwa fonografu iliyotumia silinda za nta. Matokeo ya kazi yake, ambayo iligusa hata nyimbo za Midewiwin, chama chao cha dini na tiba, yalichapishwa na ofisi ya serikali kuu katika juzuu mbili, mwaka 1910 na 1913. Hapa ndipo penye kinaya ambacho mwanafunzi wa siasa hapaswi kukipita haraka: serikali hiyohiyo iliyogharimia kuzihifadhi nyimbo ndiyo iliyogharimia shule za kuwasahaulisha wajukuu wa waimbaji. Nyimbo zilitunzwa, waimbaji wakavunjwa. Ni mwaka 1979 tu ndipo Maktaba ya Bunge ya Marekani ilipoanzisha mradi wa kuzinakili silinda za namna hiyo na kuzirejesha nakala kwa jamii zilikotoka. Baina ya 1907 na 1979 ni miaka 72. Aliyekuwa mgongoni mwa mama yake siku Densmore alipofika, kama alikuwa hai, alikuwa sasa kikongwe.

Tukiacha suala la mahali rekodi ilipohifadhiwa, kuna suala la nini kimerekodiwa. Mwishoni mwa kiangazi Waojibwe huvuna manoomin, mpunga unaoota wenyewe ziwani. Wawili huingia mtumbwini; mmoja husukuma kwa upondo, mwingine huyainamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyagonga polepole kwa kingine. Punje zilizoiva huanguka mtumbwini, na nyingine huanguka majini kuwa mbegu ya mwaka ujao. Kisha punje hukaangwa, hukanyagwa na kupepetwa. Kiojibwe ni lugha iliyoegemea vitenzi, na maarifa haya yote yamo ndani ya vitenzi vyake. Mtafiti anayemketisha mzee ofisini na kumuuliza "mtumbwi mnauitaje, mpunga mnauitaje" ataondoka na nomino kadhaa, na uvunaji wenyewe atauacha ziwani.

Hata sarufi ina falsafa yake. Kiojibwe huyagawa majina katika mafungu mawili, la vyenye uhai na la visivyo na uhai, na neno asin, yaani jiwe, limo katika fungu la vyenye uhai. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu katika wazo hili. Sisi husema "kifaru amelala" tukimkusudia mnyama, na "kifaru kimeharibika" tukikusudia chombo cha vita. Upatanisho wa sentensi ndio unaotuambia kipi kina roho. Lakini kwa nini jiwe? Jibu halimo katika orodha ya maneno. Limo katika mazungumzo ya muda mrefu na mtu ambaye ameishi ndani ya lugha hiyo.

Zaidi ya hayo, mzee huchagua. Kwa desturi ya Waojibwe, anayetaka elimu humpelekea mzee tumbaku kwanza, na mzee akiipokea wote wawili wamefungwa na wajibu. Ziko pia hadithi takatifu, aadizookaanag, ambazo husimuliwa majira ya baridi tu, theluji ikiwa imetanda. Maktaba humfungulia yeyote mwenye kadi, katika mwezi wowote. Mzee humpima msikilizaji, humpima na msimu, na pengine hunyamaza. Ukimya huo nao ni sehemu ya elimu, na hakuna mashine inayoweza kuurekodi.

Swali la umiliki si la kinadharia. Mwaka 2022 baraza la kabila la Standing Rock, ambao ni majirani wa Waojibwe upande wa magharibi na hawana nasaba nao ya lugha, lilipiga kura kulifukuza katika ardhi yake shirika lililokuwa likirekodi na kufundisha Kilakota. Chanzo cha ugomvi kilikuwa hakimiliki ya rekodi za wazee na ya vitabu vilivyotokana nazo. Mjukuu akitakiwa kuomba ruhusa ili atumie sauti ya bibi yake, neno "uhifadhi" limepoteza maana. Kwa kuliona hilo, jamii za wenyeji wa asili nchini Kanada zilikwisha kuunda, tangu mwaka 1998, kanuni nne za utafiti: umiliki, udhibiti, ufikiaji na uwekaji wa taarifa viwe mikononi mwa jamii yenyewe.

Wapo watakaopinga kwamba maandishi na rekodi, hata zikiwa mikononi mwa wageni, zimewahi kuifufua lugha iliyokufa. Hoja hii ina uzito. Wampanoag wa Massachusetts walikaa zaidi ya karne moja bila msemaji hata mmoja, kisha kuanzia miaka ya 1990 Jessie Little Doe Baird na wenzake wakairejesha lugha yao kwa kutumia nyaraka za kale, ikiwemo Biblia iliyochapishwa na wamisionari mwaka 1663. Lakini tuutazame mfano huo kwa makini. Wasemaji walipokwisha, Biblia hiyo ilikaa rafuni zaidi ya karne moja bila kumfundisha mtoto yeyote kuisema lugha hiyo. Ilianza kuwa na faida tena pale wenye lugha walipoichukua na kuwasemesha nayo watoto wao.

Waojibwe wenyewe wameonyesha njia. Katika hifadhi ya Lac Courte Oreilles, Wisconsin, shule iitwayo Waadookodaading huwafundisha watoto hisabati na sayansi kwa Kiojibwe. Kamusi ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2012 na Chuo Kikuu cha Minnesota humwezesha yeyote, bila malipo, kusikia maneno yakitamkwa na wazee. Rekodi ya mzee ikifika darasani, ikamkuta mwalimu anayeielewa na mtoto anayeuliza, imepata makao.

Narudi kwetu. Kila mwaka wanafunzi wetu wa isimu na fasihi simulizi huenda vijijini na simu zao, wakarudi na saa nyingi za sauti za wazee, wakapata shahada. Je, nakala ngapi hurudi kijijini? Napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vikuu visipokee tasnifu ya aina hii bila uthibitisho kwamba jamii imekabidhiwa nakala na imekubali masharti ya matumizi. Pili, watumishi wa umma wanaoandika miradi ya utamaduni watenge fungu la mwalimu na mtoto kabla ya fungu la vifaa. Tatu, wanaharakati wa lugha wadai nafasi ya lugha za jamii katika elimu ya awali, maana Kiswahili kimekua vya kutosha kuweza kuishi na ndugu zake bila kuwameza.

Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumewatendea wazee wetu yaleyale ya mwaka 1907: sauti zao tumezitunza vizuri, na watoto wao tumewanyamazisha.