Jawabu la Uongo Ndani ya Mitambo

Kompyuta zimekwisha kuingia katika afisi zetu, na simu nyingi zilizomo mikononi mwa wananchi zinaendeshwa kwa kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Kwa hiyo uaminifu wa mitambo hiyo si shauri la mafundi wa mbali peke yao.

Ndani ya mfumo huo kila chombo, kama kamera au diski, kina programu yake iitwayo kiendeshi. Kiendeshi kikiagizwa kazi hakina budi kurejesha jawabu. Sifuri maana yake kazi imetimia. Namba hasi maana yake imeshindikana, na kila namba ina sababu yake. Hasi 12 ni kukosekana kwa nafasi ya kumbukumbu. Hasi 5 ni hitilafu ya kupokea au kupeleka data.

Kosa lililoenea ni hili: hatua ya kwanza hufaulu, ikaandikwa sifuri, hatua ya pili hushindwa, lakini mwandishi wa programu amesahau kuandika namba mpya. Sifuri ya zamani ndiyo inayopelekwa juu. Mfumo huamini kwamba chombo ki tayari, hukitumia, na huenda kompyuta nzima ikasimama. Dawa yake mara nyingi ni mstari mmoja tu.

Hata hivyo, kusahihisha nako kuna adabu yake. Mnamo Disemba 2012, toleo la 3.8 lilipokuwa likitayarishwa, badiliko katika kiendeshi cha kamera lilirejesha jawabu lenye maana ya kuwa faili halipo, mahali pasipohusiana na faili. Programu za sauti zilizozoea jawabu la awali zikavurugika. Msimamizi wa sehemu hiyo akazilaumu programu. Torvalds akamkemea hadharani, akishikilia kwamba kiini hakina ruhusa ya kuharibu kazi za watumiaji.

Kwa maoni yetu, msimamo huo ni wa haki. Taarifa ya uongo ni mbaya kuliko kushindwa kwenyewe, kwani humnyima mkubwa nafasi ya kuchukua hatua. Wenye dhamana ya mitambo ya hospitali, bandari na hazina wahakikishe kwamba masahihisho yanawekwa bila ya kuchelewa, lakini yajaribiwe kwanza kwenye mtambo mmoja. Mwananchi aliyepanga foleni asifanywe yeye ndiye jaribio.