Dawa Katika Maji ya Kuku
Mfugaji atiaye unga wa manjano wa antibaiotiki iitwayo oksitetrasiklini katika maji ya kuku wasio na maradhi, kwa tamaa ya kuwanenepesha upesi, huvizoeza vimelea vya matumboni mwao kuistahimili dawa, navyo, ijapokuwa moto huviua, huingia jikoni mwetu juu ya kibao kilichokatiwa nyama mbichi, na papo hapo zikakatiwa nyanya za kachumbari. Alexander Fleming, mvumbuzi wa penisilini, alitahadharisha mwaka 1945 kwamba dawa haba huvifunza vijidudu ukaidi. Umoja wa Ulaya umeharimisha kunenepesha mifugo kwa antibaiotiki tangu 2006. Nasi yatulazimu, bila ya taksiri, kutaka dawa hizi zisiuzwe ila kwa cheti cha daktari wa mifugo.