Paka Mzee Mwenye Sukari: Je, Tumtoe Nyumbani?



Wiki iliyopita baada ya darsa la Alasiri alitujia mama mmoja, mjane, na swali aliloonekana kulionea haya. Anaye paka dume wa miaka 12, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Siku hizi paka huyo hunywa maji bila kiasi, hukojoa hadi nje ya kisanduku chake cha mchanga, na mara mbili ameulowesha msala. Wanawe wamemshauri apelekwe sokoni penye samaki, akajitafutie. Hata hadithi wamemtolea: kwamba yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kosa lake lilikuwa kumfungia, basi anayemwachilia hana lawama. Akatuuliza, "Sheikh, nikikubali nitakuwa na dhambi?"

Kabla ya kumjibu, nasi tulimwuliza: je, anakula? Akasema anakula kuliko zamani, lakini amekonda hadi uti wa mgongo unapapasika. Hapo tukatambua kwamba huenda swali si la paka mchafu, bali la paka mgonjwa. Dalili hizo tumeziishi nyumbani kwetu.

Paka wetu Mawardi alikuwa na miaka 13, dume aliyehasiwa, mnene wa kujivunia. Wa namna hiyo ndio wanaopatwa zaidi na ugonjwa wa sukari. Alianza kwa kiu, kisha kukonda, kisha akawa anatembea kwa kuulaza wayo mzima wa nyuma chini, kama sungura. Binti yetu aliona sisimizi wakiuzonga mchanga wake. Sisi tulisema ni uzee tu, na kwa kauli hiyo tukapoteza miezi miwili.

Maelezo ya ugonjwa ni haya. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo inayoiwezesha sukari ya damu kuingia katika chembe za mwili. Insulini ikipungua, au mwili ukiikaidi, sukari hubaki damuni, kisha humwagika katika mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo asili ya kiu na mikojo mingi. Mwili nao, kwa kukosa cha kutumia, hula mafuta na misuli yake wenyewe.

Asiyethibitisha kwa daktari wa wanyama asianze dawa yoyote. Paka mwenye hofu, sukari yake hupanda kwa muda, kwa hiyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Daktari hupima mkojo pia, na kipimo kiitwacho fruktosamini kinachoonyesha hali ya siku nyingi zilizopita. Hutazama vilevile figo na tezi la shingo, kwani maradhi ya hapo nayo humkondesha paka mzee.

Tiba ya Mawardi ilikuwa sindano ya insulini chini ya ngozi iliyolegea ya ubavuni, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Sisi watu wa pwani tumesahilishiwa jambo hili, kwani huku karibu na ikweta macheo na machweo hayahami sana. Dozi moja huwa baada ya jua kuchomoza, na ya pili baada ya Magharibi. Hula kwanza, ndipo akadungwa. Akikataa chakula au akitapika, hatumdungi dozi yake ya kawaida kabla ya kumpigia daktari simu. Na paka mwenye sukari anayetapika, asiyekula na aliyelegea, hupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu chakula, tuliacha kumpa wali, ugali na mkate wa kuchovya katika maziwa, kwa kuwa wanga humpandishia sukari. Humfaa chakula cha kopo chenye protini nyingi na wanga kidogo, na kuku au samaki wa kuchemsha asiye na miba wala viungo. Ila nyama au samaki peke yake havitimizi mahitaji yake yote. Wala asishindishwe njaa ili apungue, kwani paka mnene akikosa chakula kwa siku chache huweza kuharibikiwa na ini. Na mabadiliko ya chakula yaanze kwa idhini ya daktari, kwa kuwa hupunguza haja ya insulini.

Akina mama watauliza: insulini hiyo yatokana na nini? Ipo insulini ya mifugo inayotokana na kongosho la nguruwe. Ipo pia glarjini, itengenezwayo maabara kwa njia ya bakteria, ambayo madaktari wengi huwapa paka. Mwulize daktari kabla ya kununua. Ikipatikana iliyo safi nayo ikafaa, hatuna haja ya nyingine.

Nyumba nyingi za kwetu zina mzee mwenye maradhi haya haya. Isichukuliwe insulini ya nyanya wala vidonge vyake akapewa paka kwa kukisia, wala sindano isichangiwe. Chupa nyingine zina vipimo 40 kwa kila mililita, nyingine 100, na kila moja ina bomba lake. Ukiivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, utakuwa umempa dozi mara mbili na nusu.

Sasa tuungame kosa letu. Ilikuwa Ramadhani, baada ya futari. Tulipotoka msikitini kuswali Magharibi tulimdunga Mawardi, bila kuuliza, kumbe binti yetu alikuwa ameshamdunga. Tuliporudi kutoka Tarawehe tulimkuta akitetemeka na kupepesuka, macho yamemtoka. Binti alilia akidhani yeye ndiye aliyemuua. Tulimpaka asali kwenye ufizi, kidogo kidogo, tukamkimbiza kwa daktari, naye akalala huko na maji ya sukari katika mshipa hadi asubuhi. Alhamdulillahi alipona.

Tangu usiku ule kuna daftari limetundikwa kando ya friji. Anayedunga ni mtu mmoja, naye huandika saa, kipimo na alichokula paka. Akiwa na shaka kama sindano imeingia au la, hairudii, kwani kukosa dozi moja ni nafuu kuliko kuizidisha. Asali haikosi kabatini. Sindano zilizotumika huingia katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto.

Ama twahara, mate ya paka si najisi. Imepokewa kwamba sahaba Abu Qatada aliinamishia paka chombo cha maji ya udhu wake anywe. Mkojo wake ndio najisi. Msala uoshwe kwa maji hadi rangi na harufu viondoke, na kisanduku chake kiwe kikubwa, kisafishwe kila siku. Wala bakuli lake la maji lisiondolewe ili apunguze kukojoa. Hilo ni kumwongezea maradhi.

Turudi kwa mama yetu. Wanawe wameisoma hadithi nusu. Mwanamke yule hakumlisha paka, wala hakumwacha ajitafutie. Basi kuachilia humwondolea mtu dhima pale mnyama anapoweza kujitafutia. Paka aliyelelewa ndani miaka 12, mzee, aliyekonda, anayetembea kwa visigino, hana uwezo huo mbele ya madume ya sokoni. Kumtupa huko ni kumnyima chakula kwa njia ndefu zaidi. Kumlisha na kumnywesha ni wajibu wa mwenye kumfuga. Gharama ya tiba ni jambo jingine. Mwenye uwezo na atibu, nayo ni ihsani. Asiyekuwa nao, Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza, lakini amweleze daktari hali yake kwa uwazi, na asimtoe paka mlangoni.

Na asikate tamaa. Wako paka ambao, tiba ikianza mapema, kongosho lao hurudia nguvu na insulini ikasimamishwa kwa amri ya daktari. Mawardi hakuwa miongoni mwao. Ana miaka 15 sasa, bado anadungwa, na amenenepa kiasi. Kila jioni tukirejea kutoka msikitini tunamkuta amekaa mbele ya friji akingoja.

Tumeelezwa kwamba Jumatatu mwana mkubwa wa mama yule ndiye aliyembeba paka kwenda kupimwa. Majibu bado. Tunamwombea yeye, na kila aliyeachiwa amana nyumbani mwake, wepesi na subira.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.