Mali bila Daftari, Uzee bila Hesabu

Hesabu imtumikiayo mtu nje ya shule ina matawi mawili, na sisi tumebarikiwa katika tawi la kwanza kadiri tulivyofukarika katika la pili. Tawi la kwanza ni hesabu ya leo: bei, chenji, mtaji, na faida ya jioni. Muuza vitumbua ambaye hakufika darasa la saba hujua, kabla mafuta hayajapata moto, kwamba mchele ukipanda kwa shilingi mia tatu kwa kilo itampasa ama apunguze ukubwa wa kitumbua ama aridhike na faida ndogo, na hapana mhasibu wa kumsahihisha. Tawi la pili ni hesabu ya miaka: shilingi ikikaa huwa nini, deni likilala huwa nini, na kipato cha ujana kigawanywe vipi ili kitoshe siku ambazo nguvu zimekwisha na mahitaji yamebaki. Katika tawi hili wengi wetu, wasomi na wasiosoma, tu wanagenzi. Na naamini kwamba sehemu isiyo ndogo ya majuto ya wastaafu wetu hutoka hapo, wala si katika uchache wa mishahara peke yake.

Asitokee mtu wa kusema kwamba hesabu ya namna hii ni ngeni kwetu. Tangu zamani masheikh na makadhi wa pwani wamekuwa wakigawa mirathi kwa nusu, robo, thumuni, theluthi na sudusi, wakihakikisha kwamba mjane wa marehemu aliyeacha watoto amepata thumuni yake, na mama wa marehemu huyo sudusi yake, bila ya senti kupotea. Na zaka ya fedha imetolewa kwa robo ya ushuri, yaani shilingi 2.50 katika kila shilingi 100, hata na watu wasioweza kuandika majina yao kwa herufi za Kilatini. Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Basi ajabu yetu ni kwamba tumekuwa hodari wa kugawa mali ya maiti, na wazembe wa kupima mali ya aliye hai.

Shule haijatufaa vya kutosha. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 nchini Tanzania, waliofaulu Hisabati walikuwa kiasi cha asilimia 20 tu ya watahiniwa. Na si nadra kumsikia mtu mzima mwenye shahada akisema mbele za watu, tena kwa kicheko, kwamba hesabu zilimshinda, ilhali hangethubutu kusema vivyo hivyo juu ya kusoma. Wala msiba huu si wetu peke yetu. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa uchumi, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, waliwatungia Wamarekani waliopita umri wa miaka 50 maswali matatu mepesi, juu ya faida ya akiba, kupanda kwa bei, na kugawanya hatari ya uwekezaji, na theluthi moja tu ndio waliojibu yote sawasawa. Uchunguzi wa James Banks na Zoë Oldfield, uliochapishwa mwaka 2007 juu ya watu wa makamo na wazee wa Uingereza, ulionyesha kwamba wenye ujuzi zaidi wa tarakimu ndio walioelekea kuwa na akiba kubwa zaidi ya uzeeni, hata walipolinganishwa na watu wa elimu sawa na yao.

Tazama mkopo ambao mitaani umepewa jina la kausha damu. Mkopeshaji humwambia mteja kwa sauti ya upole kwamba riba ni asilimia 5 tu kwa mwezi. Mteja huchukua shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, na kila mwezi hurudisha 100,000 za mkopo pamoja na 60,000 za riba. Maneno ni matamu na mgawanyo waonekana wa haki. Lakini riba hiyo imekadiriwa juu ya mkopo wote wa awali, ilhali deni lenyewe lapungua kila mwezi, hata ukafika mwezi wa mwisho ambapo mtu adaiwa 100,000 na bado alipishwa riba ya 60,000. Mwaka ukiisha amelipa 1,920,000. Lau asilimia 5 hiyo hiyo ingalikadiriwa juu ya baki ya deni, angalilipa 1,590,000. Na riba ya kweli aliyolipishwa, ikipimwa juu ya baki, si asilimia 5 bali yapita 8 kwa mwezi. Shilingi 330,000 zimemtoka kwa kutouliza swali moja: riba hii yahesabiwa juu ya nini?

Mahali ambapo upungufu wetu umedhihirika mbele ya taifa zima ni katika ule mvutano wa kikokotoo cha pensheni. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ukazaliwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Kanuni mpya za mafao zikaleta manung'uniko, na mwezi wa Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Tarehe 1 Julai 2022 kikaanza kikokotoo kingine, chenye mkupuo, yaani fedha alipwazo mstaafu mara moja, wa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikapandisha asilimia hiyo hadi 40 kwa watumishi wa kundi ambalo zamani lilipata 50. Aghalabu ya mabishano, vijiweni na magazetini, yalikuwa juu ya tarakimu hizo tatu: 50, 33, 40.

Natufanye hesabu yenyewe. Mwalimu wa kundi hilo ametumikia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, au 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani, 360 hugawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa 12,000,000, ikapatikana pensheni ya mwaka ya 8,000,000. Nusu yake huzidishwa kwa 15.5, ukapatikana mkupuo wa 62,000,000, na nusu ya pili humpa pensheni ya kiasi cha 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya sasa, 360 hugawanywa kwa 580, ikapatikana pensheni ya mwaka ya kiasi cha 7,448,000. Asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5, ukapatikana mkupuo wa kiasi cha 37,241,000, na pensheni ya mwezi huwa kiasi cha 372,000. Mkupuo umepungua kwa zaidi ya shilingi milioni 24.7, pensheni ya mwezi imeongezeka kwa 39,000 hivi, ambazo, zikisimama peke yake, zingehitaji zaidi ya miaka 52 kufidia pengo hilo.

Sasa sikiliza jambo ambalo kelele ya asilimia imelifunika. Lau asilimia peke yake ingalishuka kutoka 50 hadi 40, na tarakimu nyingine zikabaki kama zilivyokuwa, mkupuo wa mwalimu huyu ungalikuwa 49,600,000. Basi karibu nusu nzima ya upungufu wake haikutoka katika asilimia, bali katika 540 iliyogeuka 580, na 15.5 iliyogeuka 12.5. Taifa lilibishana zaidi juu ya asilimia, na tarakimu mbili nyingine zikapita karibu kimya. Sisemi kwamba mifuko imedhulumu, kwa maana mfuko ulipao kuliko uwezo wake huwafia wachangiaji wote, na pensheni ya kila mwezi humlinda mzee kuliko mkupuo uishao katika nyumba isiyokamilika au biashara asiyoijua. Nasema tu kwamba mtu hawezi kuipinga kanuni, wala kuiunga mkono kwa insafu, kabla hajaifanyia hesabu.

Hesabu ya miaka ina upande wa neema pia. Tuseme vijana wawili waweka akiba mahali panapozaa asilimia 8 kwa mwaka. Wa kwanza, tangu umri wa miaka 25 hadi 35, huweka shilingi 600,000 kila mwaka, kisha huacha asiongeze hata senti. Wa pili hungoja mpaka afike miaka 35, ndipo aanze kuweka kiasi hicho hicho kila mwaka hadi afike 60. Wa kwanza ametoa jumla ya milioni 6, wa pili milioni 15. Lakini siku ya kustaafu wa kwanza atakuwa na kiasi cha milioni 59.5, na wa pili milioni 43.9. Kanuni ya 72, ambayo Luca Pacioli wa Italia aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1494, yaeleza siri hiyo kwa kugawanya mara moja: 72 kwa 8 ni 9, yaani mali ikuayo kwa asilimia 8 huwa maradufu kila baada ya miaka kama 9. Kanuni hiyo hiyo hutoa indhari, kwa kuwa bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, zitakuwa maradufu kwa miaka 18, na fedha iliyofichwa chini ya godoro itakuwa imepoteza nusu ya nguvu yake bila ya mwizi kuingia ndani. Na mwenye kujiepusha na riba kwa ajili ya dini yake hakusamehewa somo hili, kwa maana faida ya biashara na ya hisa za halali, ikirudishwa katika mtaji, hukua kwa mwendo huo huo.

Atanijibu msomaji kwamba hesabu haizai shilingi kwa asiyekuwa nayo, na kwamba kumhubiria akiba mtu ambaye mshahara wake hufika tarehe 10 umekwisha ni kejeli. Jawabu hilo lina haki, wala silipingi. Lakini ni huyo mwenye kidogo ambaye kausha damu humwendea kwanza, na ni yeye ambaye 330,000 za mfano wangu zingemsomeshea mtoto au kumlipia kodi ya chumba. Tajiri akikosea hesabu hupungukiwa. Fukara akikosea huangamia. Kwa hiyo ujuzi huu ni haki ya fukara kabla ya kuwa pambo la tajiri.

Naomba mambo mawili kwa wenye mamlaka. Mosi, shule zifundishe asilimia kwa mkataba wa mkopo na hati ya mshahara, ili mtoto aione hesabu mahali atakapokutana nayo. Pili, kila mkopeshaji aandike kwa Kiswahili chepesi jumla ya shilingi zitakazorudishwa, na kila mfuko wa pensheni umpe mwanachama hesabu yake mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, miaka mingi kabla hajastaafu. Kwa msomaji naomba moja tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kama umeajiriwa, dai taarifa ya michango yako uikague mwezi kwa mwezi, na kama umejiajiri, fahamu kwamba mfuko wa NSSF hupokea michango yako pia. Kwa yule mwalimu wa mfano wetu, mwezi mmoja tu usioandikwa humpunguzia mkupuo kwa shilingi 103,000 na zaidi, na pensheni yake kwa shilingi 1,000 hivi kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.